Anajua Kiingereza, hasemi: namna ya kumsaidia mwanachuo wa Kichina azungumze

Mwanachuo wa mwaka wa kwanza kule Wuhan au Chengdu ameshasoma Kiingereza miaka 9 au 10. Tangu 2001 somo hilo huanza darasa la tatu la shule ya msingi, na kwenye gaokao, mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu, lina alama 150 kati ya 750. Mpe makala ya gazeti, ataisoma. Mpe zoezi la sarufi, pengine atakupita. Lakini muulize kwa mdomo Jumapili alifanya nini, utamwona anatazama meza. Wachina wenyewe wana jina la hali hii: yaba yingyu, Kiingereza cha bubu.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kumfungua mdomo, awe mwalimu, mwanafunzi mwenzake, au Mtanzania na Mkenya anayesoma China ambaye kila wiki wenyeji humwomba "tufanye mazoezi ya Kiingereza". Huyu wa mwisho ana faida ambayo hajui kama anayo: Kiswahili kina mitego kadhaa ileile iliyomo katika Kichina, kwa hiyo makosa mengi atakayoyasikia anayafahamu kutoka nyumbani.

Kwanza jua ni ukimya gani

Wageni wengi husema "Wachina wana aibu" na kuishia hapo. Aibu ipo, ila si sababu pekee, na dawa ya ukimya mmoja haitibu mwingine. Kaa naye dakika 5, nyinyi wawili tu, muulize jambo jepesi kama "What did you eat this morning?" halafu mtazame.

Akikaa kimya sekunde 5 au 6 kisha akatoa sentensi iliyonyooka kabisa, tatizo lake ni kasi. Anatunga kwa Kichina, anatafsiri, anakagua sarufi, ndipo anafungua mdomo. Huyo hahitaji maneno mapya, anahitaji kurudia yale aliyonayo mpaka yatoke bila kufikiri. Akianza vizuri akakwama kwenye neno moja na mkono ukaenda kwenye simu kutafuta tafsiri, basi hajui kulizunguka neno. Wapo wanaozungumza vizuri mkiwa wawili, lakini darasani wanakuwa jiwe. Hapo ndipo penye miànzi, neno la Kichina lenye maana ya uso, yaani heshima ya mtu mbele ya wenzake: kukosea mbele ya watu ni kujiaibisha, na kusema vizuri mno mbele ya wenzako kunaweza kuonekana ni kujidai. Na yuko mwingine anayetabasamu na kutikisa kichwa kwa sababu hakusikia swali. Mwandikie swali lilelile kwenye karatasi. Akijibu papo hapo, macho yake yanajua Kiingereza lakini masikio hayajui, na kazi yenu itaanzia hapo.

Mizizi ya haya yote iko kwenye mitihani. Chuoni kuna CET-4, mtihani wa Kiingereza wa taifa unaofanywa Juni na Desemba, wenye jumla ya alama 710. Kusikiliza ni asilimia 35, kusoma 35, kuandika 15, na kutafsiri 15. Kuzungumza hakumo, kuna mtihani wake pembeni na si wa lazima. Mwanafunzi mwenye akili husoma kinachopimwa. Usimwite mvivu.

Mpe dakika za kusema

Piga hesabu. Darasa la watu 50, kipindi cha dakika 90. Hata mwalimu asipotamka neno, kila mmoja anapata chini ya dakika 2. Mwalimu akieleza somo kwa saa nzima, wanabaki na sekunde 36 kila mmoja. Ndiyo maana kusimamisha mwanafunzi mmoja mmoja ajibu ni kupoteza muda wa wengine 49. Wagawe wawili wawili au watatu watatu, wote waseme kwa wakati mmoja, na uvumilie kelele.

Watatu ni bora kuliko wanne. Wakiwa wanne, mmoja hujificha na mwenye Kiingereza kizuri hugeuka mhadhiri. Kwenye kundi la watatu mpe huyo hodari kazi ya kuuliza tu, haruhusiwi kujibu.

Usitoe mada pana kama "Zungumzeni kuhusu mazingira". Watatoa sentensi tatu walizokariri kwa ajili ya insha, kisha watanyamaza. Wape kitu ambacho mmoja anacho na mwingine hana. Mfano mzuri ni safari ya treni: A ana ratiba yenye treni nne, saa na bei, B ana fedha kiasi fulani, lazima afike kabla ya saa 8 mchana, na hataki kubadilisha treni njiani. Karatasi hazionyeshwi. Hapo hakuna jibu la kukariri, na kosa la sarufi halizuii kazi kwisha.

Kwa yule mwenye tatizo la kasi, tumia zoezi ambalo walimu hulijua kama 4/3/2:

1. Mpe jambo analolijua, kwa mfano jinsi ya kupika maandazi ya mvuke ya kwao au sheria za bweni lake. Dakika 2 za kujiandaa. Aandike maneno matano tu. Akiandika sentensi atazisoma, na kusoma si kuzungumza.
2. Aeleze kwa dakika 4 kwa msikilizaji wa kwanza. Msikilizaji hamkatizi.
3. Abadilishe msikilizaji, aeleze jambo lilelile kwa dakika 3.
4. Abadilishe tena, dakika 2.

Raundi ya kwanza itakuwa na mapengo mengi, ya tatu utamsikia anateleza. Msikilizaji lazima awe mpya kila mara, vinginevyo msemaji anaanza kufupisha habari kwa sababu mwenzake ameshaijua, na zoezi linakufa. Dakika 4 zikimshinda mwanzoni, anza na 3, 2 na 1. Usiongeze mada nyingine siku hiyo.

Asubuhi na mapema utawakuta wanafunzi wamesimama kando ya ziwa la chuo wakisoma vitabu kwa sauti. Desturi hiyo, chendu, ni nzuri kwa ulimi, lakini mtu anaweza kuifanya miaka minne na bado asijue kuagiza chai. Mwambie aongeze hatua moja: akimaliza aya, afunge kitabu na kuieleza upya kwa maneno yake mwenyewe kwa sekunde 30.

Nje ya darasa, WeChat, programu ya kutumiana ujumbe inayotumika sana China, inatosha. Ujumbe wa sauti wa WeChat una kikomo cha sekunde 60, na kikomo hicho ni zawadi: mwenye aibu anajua mwisho uko wapi. Atarekodi na kufuta mara tano kabla ya kutuma. Mwache, hayo ndiyo mazoezi yenyewe. Tatizo ni anayeandika kwanza na kusoma. Utamtambua haraka, hana kituo hata kimoja na anatumia "moreover". Dawa yake ni kumjibu kwa swali linalotokana na alichosema, na kumtaka ajibu ndani ya dakika 2.

Na kabla ya kuingia kwenye matamshi, jambo la sheria kwa mgeni anayesoma China. Mwenye viza ya masomo haruhusiwi kufanya kazi ya kulipwa nje ya chuo bila idhini ya chuo na ya idara ya uhamiaji, nayo huandikwa kwenye kibali chake cha ukaazi. Kubadilishana lugha bure ni sawa. Kupokea fedha za kufundisha jioni bila kibali kunaweza kumharibia mtu masomo.

Sauti: shughulikia mwisho wa neno

Watu hupoteza muda kwenye sauti ya "th". Ni kweli Kichina hakina sauti hiyo, na "think" hutoka kama "sink". Lakini katika sentensi nzima ni nadra msikilizaji kupotea. Kinachompoteza ni mwisho wa maneno.

Silabi ya Kimandarini, yaani Kichina sanifu, huisha kwa irabu, au kwa n, ng, na wakati mwingine r. Basi. Hakuna silabi inayoishia k, t, d, s au m, na konsonanti hazibebani kama katika "asked" au "months". Mzungumzaji akikutana na "book" ana njia mbili: aongeze irabu, au ameze konsonanti. Sisi tulichagua njia ya kwanza zamani, ndiyo maana tuna benki, shati na glasi. Wengi wa kaskazini ya China huongeza irabu pia. Wale wa Guangdong, kusini, ambao Kikantoni chao kina p, t na k za mwisho zisizoachiwa, humeza.

Kumwambia "tamka k vizuri" kunamfanya aseme "buka". Mfundishe kuunganisha. Chukua "pick it up". Kiandike hivi: pi-ki-tap. Ghafla karibu kila silabi ni konsonanti na irabu, umbo ambalo mdomo wake unalipenda, na la ajabu ni kwamba ndivyo Waingereza wenyewe wanavyokitamka. Fanya vivyo hivyo kwa "not at all", no-ta-tol, na "turn it off", ter-ni-tof. Anza na vishazi vya namna hii kumi, ambamo neno linaloishia konsonanti linafuatwa na irabu. Wiki ya pili ndipo ulete konsonanti ikifuatwa na konsonanti, kama "good night", na umwambie d hapo inashikwa tu, haiachiliwi. Neno lililo peke yake, "book" na nukta, liwe la mwisho.

Tofauti ya "bag" na "back" inahitaji ujanja wake. Usihangaike na g na k, sikiliza irabu. Kabla ya g irabu hurefuka, kabla ya k hukatika. Mwambie avute mkono hewani anaposema "baaag" na aukate kama kisu anaposema "back". Irabu ikikaa sawa, msikilizaji ataelewa hata kama ile g haikutoka vizuri. Vivyo hivyo "rise" na "rice", "bed" na "bet".

M ya mwisho hugeuka n: "time" inakuwa "tain", "some" inakuwa "san". Hapa kamera ya mbele ya simu ni kioo kizuri. Midomo lazima ifungane na ibaki imefungwa sekunde moja. Anaona mwenyewe kama imefunga.

V hugeuka w, "very" ikawa "wery". F anayo katika lugha yake, kwa hiyo aanzie hapo: meno ya juu kwenye mdomo wa chini, "ffff", na bila kusogeza chochote awashe sauti ya kooni, "vvvv". Wengi hupata kwa dakika 3. Kuikumbuka wakati wa kuzungumza ni habari nyingine.

Muulize pia anatoka jimbo gani. Wengi wa Sichuan, Hunan na Hubei huchanganya n na l, hata katika Kichina chao. "Night" na "light" kwao ni neno moja. Mwambie abane pua na kusema "llll". Sauti ikiendelea, ni l. Ikizibwa, alikuwa anasema n. Arudie akibana na kuachia mpaka pua isihusike. Ukifanya somo hili na kijana wa Beijing utakuwa unamchosha tu, hana shida hiyo.

Mkazo ndio unaofuata kwa uzito. Katika Kichina kila herufi ni silabi na karibu kila silabi ina toni yake, yaani mwinuko wake wa sauti, kwa hiyo huzipa silabi nguvu sawa, na wengi huishusha kila moja kama toni ya nne, ile inayoshuka ghafla, hata sentensi ya kuomba ikasikika kama amri. Mpe neno, agonge meza mara moja tu, kwenye silabi yenye mkazo: PHO-to-graph, pho-TO-gra-pher. Kisha sentensi: katika "I WANT to BUY a TICKet" kuna mapigo matatu, na yaliyobaki yanapita chini chini. Hapa jihadhari na wewe mwenyewe. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tunabeba tabia hiyo bila kujua. Kila neno refu, sikiliza kwanza kamusi yenye sauti kabla ya kulifundisha. Ushauri huo unahusu pia "ship" na "sheep": sisi tuna i moja, wao pia, na kipofu hamwongozi kipofu. Kwenye "th" lakini una mtaji, mradi wewe ni wa wale wasemao thelathini na dhahabu, si selasini na zahabu.

Sarufi inayopotea mdomoni

Kwenye karatasi hakosei "he" na "she". Akizungumza, mama yake ni "he" na kaka yake ni "she" katika sentensi moja. Kwa Kichina wote ni tā. Tofauti iko kwenye maandishi tu. Nasi tuna yeye. Zoezi: alete picha ya familia kwenye simu, aeleze watu wanne kwa dakika 1, mwanamume na mwanamke wakipishana. Wewe usiseme kitu, inua kidole tu akikosea. Mara tatu kwa wiki, wiki tatu.

Jibu la swali la kukanusha ni mtego mwingine wa pamoja. Ukimuuliza "You don't like fish?" atasema "Yes", akimaanisha ndiyo, sipendi. Mswahili ataelewa barabara, Mwingereza ataleta samaki. Mwambie aache "yes" na "no", ajibu kwa kitenzi: "I don't" au "I do". "Although" na "but" katika sentensi moja, nayo utaisikia kila siku, maana Kichina hudai vyote viwili kama vile sisi tusemavyo ingawa na kisha lakini. Hiyo haipotezi maana. Iache mpaka mtihani ukaribie.

Nyakati za vitenzi zinataka subira. Kitenzi cha Kichina hakibadiliki. "Jana" ikishatajwa, inatosha. Kwa hiyo "Yesterday I go" hutoka kwa mtu anayejua fika kwamba ni "went". Mwache amalize hadithi, kisha mwambie aisimulie upya akianza na vitenzi vitano ambavyo mmeviandika pamoja katika wakati uliopita.

Kwa anayekimbilia simu, geuzeni simu kifudifudi na mpe vishikio vitatu: "It's a thing you use to…", "It's a kind of…", "It's the opposite of…". Andika vikadi kumi vya vitu vya bwenini: mwavuli, chandarua, chupa ya chai, vijiti vya kulia. Aeleze, mwenzake akisie. Mpe pia neno la kujazia pengo, "let me see" au "how can I say". Asipolipata atatumia la kwao, nèige, maana yake "kile", ambalo kwenye sikio la Mmarekani mweusi linaweza kusikika kama tusi baya kabisa. Afadhali ajue mapema.

Kurekebisha bila kumvunja uso

Kosa moja kwa wiki. Ukichagua m ya mwisho, yale ya "he" na "she" yaache yapite hata yakikukereketa. Andika alichosema kwenye karatasi, mpe mwishoni, mkononi, si ubaoni. Darasani sema tu kosa bila jina la mtu.

Ukiuliza swali, hesabu kimoyomoyo mpaka 10 kabla ya kuongeza neno. Wengi wetu tunavunjika kwenye 3, tunarudia swali kwa maneno mengine, na mwanafunzi aliyekuwa ameshapanga nusu ya jibu anaanza upya.

Kona za Kiingereza, yaani mikusanyiko ya watu wanaofanya mazoezi ya kuzungumza, zipo vyuo vingi. Ile ya Chuo Kikuu cha Renmin, Beijing, inajulikana sana. Udhaifu wa kona hizi ni kwamba watu ishirini humzunguka mgeni mmoja na kumuuliza ametoka wapi na kama anapenda chakula cha Kichina, kisha wanamsikiliza yeye. Ukiitwa, nenda na swali lako moja na uwagawe watatu watatu mara moja.

Anayejiandaa na mtihani wa kuzungumza wa CET-4 afanye mazoezi ya vipande vyake kwa saa mkononi: kusoma kifungu kwa sauti, kuzungumza dakika 1 baada ya kujiandaa sekunde 45, na mazungumzo ya jozi ya dakika 3. Anazungumza mbele ya kompyuta, kwa hiyo azoee kusema bila kuona uso wa mtu. Katika jozi, alama hupotea kwa wale wanaotoa hotuba mbili zisizokutana. Afunzwe kuuliza swali moja angalau kabla ya dakika ya kwanza kwisha.

Namba kubwa

Hili vitabu hulipita, nalo huwaangusha hata wanafunzi wa shahada ya uzamili wanapowasilisha utafiti. Kiingereza huhesabu kwa elfu, Kichina kwa wàn, yaani elfu kumi. Laki moja ni wàn 10, milioni moja ni wàn 100, na milioni mia moja ina neno lake, yì. Watu wa China ni yì 14; kuvuka kutoka hapo hadi "1.4 billion" katikati ya sentensi kunamkausha mtu. Anayehesabu kwa laki na kulazimika kusema "three hundred thousand" anaijua adha hiyo.

Msimpe hesabu ya kichwa. Akariri nguzo nne tu: wàn 1 ni "ten thousand", wàn 10 ni "a hundred thousand", wàn 100 ni "a million", yì 1 ni "a hundred million". Kisha mwandikie namba kwa tarakimu, mkato kila baada ya tarakimu tatu, 10 kwa siku, azisome akiwa anatembea kwenda kantini. Kwenye slaidi zake za kuwasilisha aweke mikato hiyo kila mahali, na kabla ya siku yenyewe aandike kwa penseli pembeni namna kila namba inavyotamkwa.